Alimsingizia mweka hazina kwenye grupu la jumuiya, ameshaungama: je, yameisha?

Mwenyekiti_Eastlands

Tumsifu Yesu Kristu.

Nawaomba wanaojua taratibu za Kanisa wanisaidie. Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo parokiani ina familia 23 na hukutana Jumamosi saa kumi jioni, nyumba kwa nyumba. Mwezi uliopita tulichanga shilingi 14,600 za msiba. Kabla hata ya maziko, mwanajumuiya mmoja akaandika kwenye grupu la WhatsApp, lenye watu 41, kwamba mweka hazina amekula pesa za marehemu. Kumbe 14,000 zilikuwa zimelipa gari la kubeba mwili na 600 zilinunua maji ya kunywa. Ujumbe wa M-Pesa upo, na mwenye gari amekiri kupokea.

Aliyeandika amejuta. Ameungama, amepewa malipizi na ameyatimiza, na sasa anasema mbele za Mungu hana deni. Lakini mama mweka hazina hajakanyaga jumuiya tangu siku hiyo, na wenzake wawili wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, wamemfuata.

Je, kuungama kumetosha? Kama hakujatosha, msamaha auombe wapi: nyumbani kwa mama, kwenye grupu, jumuiyani, au mbele ya waumini wote kabla ya baraka ya mwisho, kama anavyotaka mwenyewe? Wazee wetu wanadai faini ya shilingi 2,000 na kreti moja ya soda ndipo mambo yaishe. Ni sawa? Na kwa sasa apokee Komunyo au akae?

Katekista_wa_Zamani

Milele amina, Mwenyekiti.

Dhambi imeondolewa, hilo asilitilie shaka. Deni bado lipo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1459 inasema maondoleo huondoa dhambi lakini hayarekebishi uharibifu wote ulioletwa na dhambi: mwizi arudishe alichoiba, aliyemchafua mwenzake amrudishie jina lake. Namba 2487 inakaza zaidi: kila kosa dhidi ya haki na ukweli linadai fidia hata pale mkosaji ameshasamehewa. Huyu ndugu hajaiba pesa ya mtu. Amechukua jina, basi arudishe jina.

Namna ya kulirudisha inategemea kosa lenyewe ni lipi. Watu wetu huita yote "kusengenya", lakini namba 2477 inatenganisha matatu. Kuhukumu kwa dhana ni kuamini ubaya wa mwenzako bila msingi, hata kama hujafungua mdomo. Kusengenya ni kutangaza kosa la kweli la mtu kwa wasiolijua, bila sababu ya haki. Kusingizia ni kusema uongo unaomharibia jina. Aliyesengenya hawezi kurudi akasema "haikuwa kweli", kwa sababu ilikuwa kweli. Akisema hivyo anaongeza uongo juu ya usengenyaji. Yeye huomba radhi kwa kutoa siri, kisha humtendea haki mwenzake kwa kutaja mema anayoyajua. Aliyesingizia ana njia iliyonyooka zaidi na chungu zaidi: lazima atamke wazi kwamba aliyosema ni uongo. Huyu wenu alianza na dhana akaishia kwenye kusingizia, kwa hiyo "samahani" peke yake haifiki. Neno linalodaiwa ni "si kweli".

Mahali pa kuomba ni pale uongo ulipofika, usipunguze wala usizidishe. Ulisomwa na watu 41, basi watu hao hao wasome kwamba ni uongo. Akimwomba mama faraghani tu, wengine 39 wanabaki na picha ya mwizi vichwani mwao. Akisimama kanisani Jumapili, mamia ya watu ambao hawakuwa na habari wataanza kuulizana getini, "Mweka hazina yupi huyo?" Atakuwa amemchafua mara ya pili kwa jina la toba. Isitoshe, muda ule wa matangazo ni wa paroko, mtu hajipangii.

Faini ya soda, hapana. Malipizi ya sakramenti hutolewa na padre aliyemwungamisha, na huyo ameshayatoa. Jumuiya inaweza kuwa na kanuni za waliochelewa au wasiofanya usafi, hayo ni yenu, lakini hakuna kanuni ya kuuza msamaha kwa kreti. Na jingine: mtu asimuulize huyo ndugu Padre alimwambia nini. Huenda aliagizwa kabisa akarudishe jina la mama. Hayo ni yake.

Mama_Jirani

Mwenyekiti, kabla hatujaenda mbali, ujumbe wenyewe ulisemaje neno kwa neno? Naona umetupa muhtasari.

Mwenyekiti_Eastlands

Mama, nilitaka kuuficha, ila sawa. Naunakili: "Pesa za marehemu zimeliwa na mweka hazina. Si ajabu, watu wa kwao tunawajua na pesa."

Mama_Jirani

Ndiyo maana niliuliza. Mama wa watu hakuondoka kwa ajili ya shilingi 14,600. Hizo zina ushahidi, angesimama akaonyesha simu yake yakaisha. Ameondoka kwa "watu wa kwao", na nakuhakikishia hao wawili wa CWA waliomfuata nao ni wa kwao, au wameolewa huko. Jumuiya za Nairobi ni mchanganyiko, Mluhya anapangisha kwa Mkikuyu, Mkamba jirani yake Mjaluo, na neno kama hilo linapita kwenye mifupa.

Kwa hiyo makosa ni mawili na yatajwe mawili. Akiomba radhi kwa lile la pesa na kuliruka la kabila, wenye kusikiliza wataelewa kwamba la pesa alikosea ila la kabila bado analiamini.

Sasa angalia msamaha ambao karibu kila mtu huandika:

"Wapendwa, kama kuna mtu yeyote aliyeumizwa na ujumbe wangu, naomba anisamehe. Nilikuwa na uchungu wa msiba. Sisi sote ni binadamu, hakuna mkamilifu. Mungu atubariki."

Usome polepole. "Kama kuna mtu" inamaanisha hajui ni nani, na anamjua. "Aliyeumizwa" inageuza tatizo liwe ni ngozi laini ya mama. "Uchungu wa msiba" ni shahidi wa utetezi. "Sisi sote ni binadamu" inawagawia watu 40 kosa la mtu mmoja. Mwisho hakuna mahali aliposema pesa hazikuliwa. Ukiusoma ujumbe huu bila kujua kisa, unaweza kudhani mweka hazina alikula kweli na mwandishi anaomba radhi kwa kusema kwa ukali.

Mwandikie hivi, kisha abadilishe kwa lugha yake:

"Tarehe fulani niliandika hapa kwamba mweka hazina wetu alikula pesa za msiba. Si kweli. Shilingi 14,000 zililipa gari na 600 zilinunua maji, na ujumbe wa malipo upo kwa katibu. Niliandika bila kumuuliza. Niliandika pia maneno ya kuwadharau watu wa kabila lake. Maneno yale ni mabaya, nayaondoa, na hakuna aliyenitendea lolote la kuyastahili. Mama fulani, nimekukosea wewe na wa nyumbani kwako. Mniwie radhi. Aliyepeleka ujumbe wangu grupu lingine, tafadhali apeleke na huu."

Basi. Bila emoji, bila mstari wa Biblia, bila sauti ya dakika tano. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 alisema sentensi moja: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Aliyetoa hotuba hekaluni siku ile alikuwa yule mwingine.

Ule ujumbe wa zamani asiufute kwanza. Ukitoweka kabla ya msamaha, watu watasema anaficha, na waliopiga picha ya skrini wataanza kuisambaza. Msamaha ukishakaa siku mbili tatu, msimamizi wa grupu aufute.

Na kabla ya grupu, aende kwa mama. Hili lisigeuzwe. Ukianza hadharani unampa mama njia mbili tu: atamke "nimekusamehe" mbele ya watu wote huku moyo haujafika, au anyamaze aonekane ana kiburi. Faraghani anaweza kulia, anaweza kufoka, anaweza kusema "nipe muda", na hakuna anayehesabu. Amwonyeshe yale maandishi ya grupu kabla hayajatumwa. Huenda mama akataka neno liondolewe, huenda asitake jina lake litajwe tena. Ni jina lake, yeye ndiye anayeamua linaandikwaje.

Benchi_la_Nyuma

Mimi naona mnamrahisishia. Papa Fransisko, tarehe 11 Aprili 2019, akiwa na miaka 82, alipiga magoti akabusu miguu ya viongozi wa Sudan Kusini kule Vatikani. Kama Papa aliweza, huyu ashindwe kupiga magoti mbele ya mama aliyemwita mwizi? Unyenyekevu uonekane.

Mama_Jirani

Benchi, Papa siku ile hakuwa anaomba radhi kwa kosa alilowatendea. Alikuwa anawasihi wadumu katika amani. Aliyepiga magoti alikuwa mkubwa kuliko waliopigiwa, ndiyo maana dunia nzima ilishtuka.

Sasa weka picha hiyo sebuleni kwa mama. Mwanamume mzima anaanguka magotini, watoto wanachungulia mlangoni. Mama atafanya nini? Adabu yetu inamlazimisha aseme "inuka, inuka, yameisha", hata kama hayajaisha. Amemnyang'anya nafasi ya kukataa. Kulia sana ni vilevile: dakika ya tatu aliyekosewa ndiye anayembembeleza mkosaji na kumtafutia kitambaa. Akae kwenye kiti, aseme, anyamaze. Kunyamaza ndiko kutamshinda, kwa hiyo ndiko akajizoeze.

Asibebe unga wala sukari siku hiyo, asitume mia tano kwa simu "ya maji". Zawadi ikitangulia huwa kama bei. Asiende baada ya saa mbili usiku, wala asimvizie getini baada ya Misa. Aombe miadi kwa kumpigia, au kupitia mtu ambaye mama anamwamini, na mama achague mahali.

Daftari_Safi

Nimesoma yote na nakubaliana nayo, ila mnapiga deki huku bomba bado linavuja. Kwa nini mtu aliweza kuandika uongo ule na watu 40 wasimpinge palepale? Kwa sababu hakuna aliyejua pesa iko wapi. Tuhuma nyingi za jumuiyani huota pale pesa inapoingia kwenye simu ya mtu binafsi ikachanganyika na ya kwake ya unga na karo. Mama alilipa gari kwa haraka, ndiyo, lakini taarifa ilikaa siku ngapi bila kusomwa?

Mchango wa msiba ukianza, viongozi watatu waandike majina na kiasi, kisha orodha iwekwe kwenye grupu kila jioni hata kama ni mtu mmoja ametoa shilingi 50. Pesa ikitoka, aliyetoa atume ujumbe wa M-Pesa wenyewe, si maelezo yake, ndani ya saa 24, akifunika namba ya simu ya mpokeaji. Malipo yoyote ya kuanzia kiasi mtakachokubaliana, tuseme 5,000, yaidhinishwe na mwenyekiti au katibu kabla hayajatoka, kwa maandishi. Kila Jumamosi zisomwe hesabu nne: tulizokuwa nazo, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Inachukua dakika mbili. Mkiweza, mfungue laini ya jumuiya peke yake, au mtumie namba ya malipo ya parokia mkiweka jina la jumuiya, kama paroko anaruhusu. Kwenye ngazi ya parokia Sheria za Kanisa zenyewe, kanuni 537, zinadai halmashauri ya fedha. Haijaachwa kwa uaminifu wa mtu mmoja. Mbona jumuiya iachwe?

Napendekeza siku ileile ya upatanisho mama asome hesabu, watu waone kwa macho.

Katekista_wa_Zamani

Daftari, mengine yote nayachukua, hilo la mwisho nalikataa. Mkimwambia mama asome hesabu siku ambayo mwingine anaomba radhi, mmemweka kizimbani. Watakaoingia wamechelewa watadhani yeye ndiye anayejitetea. Hesabu asome katibu, na siku nyingine, kama utaratibu mpya unaowahusu viongozi wote.

Daftari_Safi

Sawa, nimeelewa. Katibu, na wiki inayofuata.

Katekista_wa_Zamani

Narudi kwenye Komunyo, halafu kuna jambo la maungamo ambalo ujumbe ule mzima umeliibua.

Mathayo 5:23-24 husomwa nusu. Haisemi "ukikumbuka una neno juu ya ndugu yako". Inasema "ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako", yaani wewe ndiye mkosaji, na wewe ndiye unayeacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda. Kwenye Mathayo 18:15 aliyekosewa naye anaambiwa aende kwa mwenzake. Ukisoma zote mbili, hakuna anayeruhusiwa kukaa nyumbani akisubiri kufuatwa. Lakini pale mkosaji amejitambua, kama hapa, miguu ya kwanza ni yake.

Aliyeungama na kuondolewa dhambi, akiwa na nia thabiti ya kurudisha jina la mama, anaweza kupokea Komunyo hata kabla hawajakutana. Nia thabiti ina tarehe. Anayesema "nitaenda tu" kila Jumapili kwa miezi mitatu, na hakuna kinachomzuia, ajiulize kama ile nia ilikuwepo siku alipoungama. Akitaka yeye mwenyewe kusubiri mpaka baada ya kumwona mama, ni heshima nzuri, asilazimishwe wala asikatazwe. Na wewe Mwenyekiti, pamoja na wazee, hamna mamlaka ya kumzuia mtu Komunyo. Wala msitumie sahihi ya jumuiya kama fimbo. Akileta fomu ya ubatizo wa mtoto wake wiki ijayo, utatia sahihi kama anavyostahili.

Sasa la maungamo. Kama siku ile alisema tu "nilimsengenya mtu" na lile la kabila likampita, limesamehewa pamoja na mengine. Alitaje atakapoungama tena. Kama alilijua akaliruka makusudi kwa aibu, na anajua ni jambo zito, maungamo yale yana kasoro na inabidi ayarudie. Yeye ndiye anayejua ni lipi kati ya hayo, sisi hatujui na tusimpeleleze.

Akiungama tena, aseme kosa, mara ngapi, na mazingira yanayoligeuza uzito, basi. Kwa mfano: "Nilimsingizia mtu wizi mbele ya watu 41, mara moja. Nililidharau kabila lake kwa maandishi. Bado sijamrudishia jina lake, nimekusudia kufanya hivyo Jumamosi." Ni sekunde ishirini. Jina la mama lisitajwe, padre halihitaji. Historia ya msiba isisimuliwe, wala dhambi za mweka hazina zisiungamwe kwa niaba yake, maana kuna wanaoingia kuungama za jirani. Asisubiri foleni ya siku za mwisho kabla ya Pasaka au Krismasi, ambapo watu mia wanamsubiri padre mmoja. Aende siku ya kawaida, au amwombe padre miadi. Kama anaona haya kwa paroko anayemjua, Nairobi haikosi makanisa. Wengi huingia Basilika ya Familia Takatifu katikati ya jiji kwa sababu hiyohiyo, na si dhambi.

Mwenyekiti_Eastlands

Mmenifungua macho. Swali jingine: paroko ndiye aliyemwungamisha. Nilifikiri nimwendee nimwambie, "Baba, wewe unajua yote, tusaidie kuwapatanisha." Vibaya?

Katekista_wa_Zamani

Vibaya kabisa, na nashukuru umeuliza kabla. Ukimwambia "wewe unajua", unamweka pabaya: hawezi kukubali kwamba anajua, hawezi kukana, hawezi hata kubadilisha uso. Siri ya maungamo haina mlango wa nyuma. Kanuni 984 inamkataza muungamishi kutumia alichokisikia kwa namna yoyote ya kumdhuru aliyeungama, hata pale ambapo hakuna hatari ya siri kuvuja, na mwenye mamlaka haruhusiwi kukitumia katika uongozi wa nje.

Mkimtaka paroko awe msuluhishi, mwendeeni kana kwamba hajui lolote. Mkosaji mwenyewe amweleze upya, ofisini, nje ya maungamo, kwa hiari yake. Yale atakayoyasikia ofisini ndiyo atakayoyafanyia kazi. Lakini kwa kweli, hili halijafika kwa paroko. Jumuiya ndiyo ngazi yake. Mkutano wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, uliofanyika hapa Nairobi mwaka 1976 ulikuwa na mada ya kujenga jumuiya za Kikristo, na sioni jumuiya inajengwa vipi ikiwa kila ugomvi unapandishwa ofisini kwa padre. Hatua za Mathayo 18 ni wawili kwanza, kisha mashahidi mmoja au wawili, ndipo Kanisa. Nyinyi bado mko kwenye wawili.

Benchi_la_Nyuma

Na mama akikataa? Hili hamjaligusa. Wote mnaongea kana kwamba atafungua mlango.

Mama_Jirani

Anaweza kukataa. Basi mkosaji atume ujumbe wa grupu vilevile, kwa sababu kurudisha jina hakutegemei kama amesamehewa. Aondoe jina la mama kama mama hakulipitisha, aandike "mweka hazina wetu", kila mtu anamjua. Akae wiki tatu hivi, kisha arudi mara moja na mtu mmoja ambaye mama amemkubali. Baada ya hapo aache. Kumtumia mama wajumbe kila jioni, leo katibu, kesho mama wa Legio ya Maria, ni kumsumbua kwa jina la amani.

Na jumuiya isimwambie mama kwamba asipotamka msamaha leo sala ya Baba Yetu inamhukumu. Nimesikia mahubiri ya namna hiyo na hayamsaidii mtu. Katekisimu namba 2843 inakubali kwamba si katika uwezo wetu kutouhisi uchungu wa kosa wala kulisahau. Kinachoombwa ni moyo ujitoe kwa Roho Mtakatifu, naye aligeuze jeraha. Mama anaweza kuwa ameshaanza kusamehe na bado tumbo linakaza akiona jina la yule bwana likiita kwenye simu.

Tena kusamehe si kurudi kwenye daftari. Akisema "nimemsamehe lakini uweka hazina siutaki tena", amesamehe. Pokeeni, mchague mwingine, msimwite ana kinyongo. Vivyo hivyo yule ndugu: msamaha haumrudishii moja kwa moja uongozi kama alikuwa nao. Akae mwanajumuiya wa kawaida mwaka mmoja, asome somo zamu yake ikifika, abebe viti.

Daftari_Safi

Na msimamizi wa grupu aweke utaratibu: swali lolote la pesa halianzii kwenye grupu. Linaanza kwa mweka hazina, asipojibu ndani ya siku tatu linaenda kwa mwenyekiti, kisha kikao. Liandikwe kwenye maelezo ya grupu, pale juu, kila anayeingia alione.

Mwenyekiti_Eastlands

Nimeongea na huyo ndugu leo jioni. Ameyasoma yote. La soda limekufa, wazee wamekubali shingo upande. Mama amesema aje Alhamisi saa kumi na moja, peke yake, na mume wake atakuwepo. Grupu litafuata Ijumaa, mama akishapitisha maandishi. Jumamosi jumuiyani tulifanyeje? Tulikuwa tumepanga tumpe dakika kumi baada ya Injili.

Mama_Jirani

Dakika kumi ni hotuba, mpe mbili. Na iwe mwanzoni, pale pa kutubu, kabla ya masomo: mseme wote "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu", kisha yeye aseme yake palepale, akiwa ameketi kwenye duara kama wengine. Msimsimamishe mbele. Asome kwenye karatasi, si kwenye simu, maana simu italia.

Muulize mama Alhamisi kama anataka kuwepo. Asipotaka, fanyeni bila yeye na mtu asimpigie kumwambia "ulikosa". Nyumba ya zamu isiwe ya mkosaji wala ya mama. Badilisheni na familia inayofuata. Chai iandaliwe ya kutosha watu kubaki nusu saa. Na wale wawili wa CWA waalikwe kwa simu na wewe mwenyewe, leo, usisubiri tangazo la grupu.